Viraka vya Buyenzi: Historia Tuliyoishona kwa Vitambaa vya Duara







Makala yetu ya leo ilianza kwa swali la mtoto. Mwanafunzi mmoja wa darasa la juu alikuja madrasa akiwa amenuna. Tulipomuuliza kulikoni, akasema wenzake wa shule walimwambia kwamba Waswahili wa Buyenzi hawana kwao, ni watu wa kuja tu. Kisha akatuuliza: "Mwalimu, sisi ni watu wa wapi?"

Tulimjibu haraka haraka kwamba sisi ni Waislamu na ni Warundi, basi. Jibu hilo si la uongo, lakini lilikuwa fupi, na yeye mwenyewe aliona kuwa ni fupi. Siku chache baadaye likizo ikaingia. Kina mama wa madrasa walikuwa wamepanga kuwafundisha watoto kazi ya mikono: kushona mfarishi, yaani blanketi la viraka, kwa vitambaa vilivyokatwa duara na kukunjwa. Sisi walimu tuliiona kazi hiyo kama njia ya kuwazuia watoto wasizurure barabarani. Kumbe ndani yake mlikuwa na somo la historia, na jibu la swali la yule kijana.

Tunaomba mtusomee kwa subira. Tutaanzia mbali kidogo, kisha tutarudi Buyenzi, in shaa Allah.

KIRAKA SI AIBU

Watoto wetu wengi wa leo wanaona haya kuvaa nguo yenye kiraka. Ni vizuri wakajua kwamba watu bora wa umma huu walivaa viraka na walishona kwa mikono yao.

Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake, kama wafanyavyo wanaume wengine majumbani mwao. Sayyidna Anas bin Malik (R.A.) alisimulia kwamba alimwona Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), wakati huo akiwa Amirul Muuminina, amevaa nguo yenye viraka vitatu kati ya mabega, kimoja kimeshonwa juu ya kingine. Habari hiyo imo katika Muwatta ya Imam Malik. Na Bibi Zainab bint Jahsh (R.A.), mke wa Mtume, alikuwa hodari wa kazi za mikono: alitengeneza ngozi na kushona, kisha akatoa sadaka alichokipata.

Liko pia tukio ambalo kina mama wetu walilipenda sana tulipowasomea. Bibi Aisha alikuwa ametundika pazia lenye picha. Mtume (S.A.W.) aliporudi safarini hakulipenda. Bibi Aisha hakulitupa. Alilikata, akatengeneza mto mmoja au miwili ya kuegemea. Nguo ambayo haikufaa kwa kazi moja ilifaa kwa nyingine. Katika kisa hicho kifupi mna mafunzo mawili: kufuata amri, na kutofanya israfu.

Kwa hiyo mama anayekata gauni lililochakaa ili apate kitu cha kumfunika mwanawe anafanya kazi yenye heshima katika dini yetu.

NGUO ILIPOKUWA FEDHA

Sasa tuje kwenye pwani ya ziwa letu la Tanganyika.

Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar na Bagamoyo ilipita Tabora ikafika Ujiji. Kutoka Ujiji mitumbwi na majahazi yalivuka kwenda Uvira na nchi ya Manyema, na mengine yalipanda kaskazini kufuata mwambao wa Burundi. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakawakuta wafanyabiashara hao wapo tayari. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipita kwa mtumbwi kwenye mwambao wetu, na jiwe la Mugere, kusini mwa mji, bado linaonyeshwa kwa wageni.

Watu hao walilipana kwa nini? Kwa sehemu kubwa walilipana kwa nguo na shanga. Nguo nyeupe isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya Marekani iliitwa merikani, na jina hilo bibi zetu wanalijua mpaka leo. Ile ya rangi ya buluu iliyoiva sana, iliyotoka India, iliitwa kaniki. Nguo ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono 4 ilikuwa shuka moja. Shuka 2, yaani mikono 8, zilikuwa doti moja. Robota zima lililofika kutoka ng'ambo liliitwa jora. Mwanafunzi anayemsikia mama yake akiagiza doti ya kanga ajue kwamba anasikia kipimo cha fedha za misafara.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake. Vita vya mbali vilibadilisha kile alichovaa mtu wa Ujiji. Dunia ilikuwa imeunganishwa kwa uzi zamani sana.

Hapa lazima tuseme jambo bila kulificha, kwa sababu Mwislamu ameamrishwa kusema haki hata ikiwa dhidi ya nafsi yake. Misafara ile ile iliyoleta adhana, kofia, mchele na lugha ya Kiswahili kwenye ziwa letu ilibeba pia pembe za ndovu na watumwa. Nguo ile ile ya merikani iliyonunua chakula cha wapagazi ilinunua pia watu. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala Burundi mpaka alipofariki mwaka 1908, aliwapinga kwa nguvu wafanyabiashara wenye bunduki waliotaka kuingia nchini mwake, na katika hilo alikuwa na sababu. Wako Waislamu wa leo ambao babu zao walikuwa wafanyabiashara, wako ambao babu zao walikuwa wapagazi, na wako ambao bibi zao walinunuliwa. Wote wamesimama leo katika safu moja ya Swala.

LESO: NGUO ILIYOANZA KWA KUUNGANISHWA

Tutaje kidogo habari ya leso, kwa sababu inagusa kila nyumba. Neno hilo limetokana na Kireno na maana yake ni kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19, wanawake wa mwambao walinunua vitambaa vya mkononi vyenye nakshi, ambavyo viliuzwa vikiwa bado vimeungana katika robota. Walikata vipande 6 pamoja, wakavigawa mara mbili, vitatu kwa vitatu, kisha wakavishona upande kwa upande wakapata nguo moja pana. Baadaye wenye maduka waliona biashara, wakaagiza nguo iliyochapwa kipande kizima. Duka maarufu la Mombasa linalojulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla lilianza mwaka 1887.

Maana yake ni kwamba vazi ambalo kila mtu anadai ni la Kiswahili halisi lilianza kwa kuunganisha vipande vya wageni. Kitambaa kilitoka kwa Mreno, kwa Mhindi na kwa Mwingereza. Kilichokuwa cha kwetu ni mkono ulioshona na wazo la kushona.

NDUGU ZETU WA KARNATAKA

Katika kutafuta habari za mifarishi, tulikutana na kisa kilichotugusa kuliko vyote.

Kusini magharibi mwa India, katika jimbo la Karnataka, wako watu wanaoitwa Wasiddi. Wengi wanaishi vijijini, ndani ya misitu ya wilaya ya Uttara Kannada, karibu na miji ya Haliyal, Yellapur na Mundgod. Ukikutana nao sokoni Bujumbura huwezi kuwatofautisha na sisi. Mababu zao walikuwa Waafrika. Wengi wao walipelekwa India kama watumwa, hasa kupitia Goa, ambayo Wareno waliiteka mwaka 1510. Baadhi yao walitoroka mabwana zao wakakimbilia milimani, wakajenga vijiji vyao huko.

India ilijua pia Waafrika wa hadhi nyingine. Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alipanda mpaka akawa waziri na jemadari wa dola ya Ahmadnagar, na alifariki mwaka 1626. Msikiti wa Sidi Saiyyed mjini Ahmedabad, uliojengwa miaka ya 1570, una madirisha ya mawe yaliyochongwa matawi ya mti kwa ustadi wa ajabu. Lakini Wasiddi wa misituni hawakuwa mawaziri. Walikuwa vibarua na wakulima.

Katika karne zote hizo walipoteza mengi. Lugha za mababu zimepotea, leo wanazungumza Kikonkani, Kikannada, Kimarathi na Kiurdu. Majina ya koo na ya vijiji vya Afrika yamepotea kwa wengi wao. Wamegawanyika pia kwa dini: wako Waislamu, wako Wahindu na wako Wakristo. Lakini wanawake wa dini zote tatu wana kazi moja inayowaunganisha, nayo ni kushona mifarishi inayoitwa kawandi.

Kawandi hutengenezwa kwa nguo zilizochakaa za nyumbani. Mama hutandika chini nguo pana, mara nyingi sari ya zamani. Huanzia pembeni, huweka kiraka cha kwanza, hukunja upindo wake na kukishona kwa mkono, sindano ikipenya juu na chini. Kisha huweka cha pili na cha tatu, akizunguka pembe zote nne na kurudi, kila mzunguko ukiingia ndani zaidi, mpaka anapofika katikati. Hakuna mchoro anaoufuata. Rangi huchaguliwa kwa jicho, na kila mwanamke ana namna yake ya kuchagua. Katika baadhi ya kawandi za Waislamu utaona mwezi mwandamo, na katika baadhi za Wakristo utaona msalaba.

Zikifika pembe nne, kazi haijaisha. Kila pembe hutiwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa mpaka kikawa pembetatu nene. Hicho huitwa phula, yaani ua. Kina mama wa Kisiddi husema kwamba kawandi isiyo na maua hayo ni kama iko uchi. Maua hayo hayaongezi joto hata kidogo. Lakini mtu maskini anayeshona matambara kumfunika mtoto wake anasimama mwishoni na kuongeza kitu cha uzuri tu, kwa sababu hata yeye na mtoto wake wanastahiki uzuri.

Mtafiti wa sanaa za Kiafrika, Henry Drewal wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alikaa na kina mama hao na kuandika habari zao, na ushirika wa washonaji wa Kisiddi ukaundwa ili wauze kazi zao. Mwaka 2011 kawandi zilionyeshwa New York katika kituo cha Schomburg, na maelfu ya watu waliona kile ambacho zamani kilitandikwa sakafuni tu. Mwaka 2003 Wasiddi wa Uttara Kannada waliingizwa katika orodha ya makabila yanayolindwa na sheria za India, na mwaka 2020 Msiddi wa kwanza, Shantaram Siddi, aliteuliwa kuwa mjumbe wa baraza la juu la bunge la Karnataka.

Hatusemi kwamba mshono huo ulitoka Afrika kama ulivyo. India nzima ina desturi ya kushona nguo kuukuu pamoja, na Wabengali wana mifarishi yao maarufu inayoitwa kantha. Tunachosema ni kingine. Watu walionyang'anywa kila kitu walichukua matambara ya nchi ya ugenini, wakayashona kwa namna yao, na namna hiyo ikawa alama yao. Leo mtu akiiona kawandi anajua imeshonwa na nani.

NGUO ZA BUYENZI

Turudi nyumbani sasa. Mji wetu ulianza kukua Wajerumani walipoweka kituo cha kijeshi Usumbura mwaka 1897. Askari wao wengi na wafanyabiashara waliowafuata walikuwa Waswahili. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia, na wakati wao Buyenzi ukajulikana kama mtaa wa Waswahili. Hapo walikusanyika watu wa Ujiji, Wamanyema kutoka Kongo, watu wa Rumonge, na Warundi wa milimani waliosilimu na kushuka mjini. Mwanamfalme Louis Rwagasore alipodai uhuru, Waislamu wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono kwa nguvu. Aliuawa Oktoba 1961, na uhuru ukaja Julai 1962. Baada ya vita vilivyoanza Oktoba 1993, mitaa mingi ya mji iligawanyika kwa makabila. Buyenzi ulibaki mtaa wa mchanganyiko, na wengi walikimbilia humo kujificha. Mwaka 2005 Idd al-Fitr ikaingizwa katika sikukuu za taifa.

Kila kipindi kilikuwa na nguo zake. Kiwanda cha COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitengeneza vitambaa hapa hapa mjini mpaka kilipofungwa katika miaka ya 2000. Jina lake limebaki kwenye soko. Kisha mitumba ikatawala, hasa suruali za jinzi. Na tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Wauza vitenge wengi waliingia siku hiyo wakiwa na mtaji, wakatoka na mikono mitupu.

Watoto wetu hawakuyajua hayo. Waliyajua mfarishi ulipoanza kushonwa.

MFARISHI WETU WA DUARA

Tunaeleza namna ulivyoshonwa ili familia nyingine zijaribu. Vifaa ni suruali za jinzi zilizochakaa, masalio ya vitenge na kanga, mkasi, kalamu, sahani moja na cherehani. Asiye na cherehani atumie sindano ya mkono na uzi mnene.

1. Pata sahani yenye upana wa sentimita 20. Iweke juu ya jinzi, zungushia kalamu, kata. Hilo ni duara moja.

2. Kata karatasi ngumu ya mraba wa sentimita 14. Iweke katikati ya duara, upande wa nyuma wa kitambaa, ukahakikishe pembe zake nne zinagusa ukingo. Piga mistari kufuata mraba. Wanafunzi wa hesabu watajua kwa nini ni 14: ni 20 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2, kisha ukapunguza kidogo tu. Nje ya mraba vitabaki vipande vinne vya mviringo. Sisi tuliviita mbawa.

3. Chukua duara mbili, ziweke sura nzuri zikitazamana, shona kwenye mstari mmoja wa mraba. Ongeza ya tatu, ya nne, mpaka upate safu. Kisha unganisha safu kwa safu. Mbawa zote zitabaki zimesimama upande mmoja.

4. Kata mraba wa kitenge wa sentimita 14, uweke ndani ya kila duara. Kunja mbawa zilale juu ya kingo zake, shona ukingo wa kila ubawa. Kingo zote mbichi za kitenge zimefichwa. Hauhitaji pamba ndani wala kitambaa cha chini, kwa sababu jinzi yenyewe ni nzito.

Safu 9 za duara 7 zinataka duara 63, na zinatoa mfarishi wa sentimita 98 kwa 126, unaomtosha mtoto. Ukiutazama kwa mbali utaona duara zinazoingiliana na maua yenye majani manne. Mafundi wa Kiislamu walijenga nakshi zao kwa bikari na duara namna hiyo, kuanzia Uhispania hadi Samarkand, bila kuchora kiumbe chenye roho.

Mama mmoja aliweka sharti dogo. Kila mtoto alete kitenge kutoka nyumbani kwao, lakini kwanza amuulize mkubwa wake: nguo hii ilikuwa ya nani, ilipatikana wapi? Sisi walimu tukakaa na daftari tukiandika.

Siku ya kwanza tulikuwa tunaandika kivivu. Siku ya pili tulimwomba mwalimu mwingine aje kusaidia. Msichana mmoja alileta kipande cha kaniki ya bibi mzaa bibi yake aliyetoka Ujiji. Mwingine alileta pindo la imvutano ya nyanya yake wa Gitega, aliyesilimu alipoolewa. Mwingine alileta kitambaa cha COTEBU, sare ya arusi ya wazazi wake. Mmoja alileta kitenge kipya kabisa chenye ukingo uliobabuka. Mama yake alikiokota kwenye majivu ya soko mwaka 2013, akakiweka sandukuni na hakuwahi kumwambia mtu kwa nini. Tulipokikata duara, sehemu iliyobabuka ilibaki nje. Yule mama, aliyekuwa amekaa nyuma, akaiomba, akaifunga kwenye ncha ya leso yake.

Kijana mmoja hakuleta kitu. Familia yao ilirudi kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na walirudi na kidogo sana. Siku ya kwanza alisema amesahau, siku ya pili pia. Hatukumsukuma, ingawa tulitakiwa kufahamu mapema zaidi. Siku ya tatu alileta mfuko wa nyuma wa suruali ya jinzi. Suruali yenyewe ilikwisha zamani. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Mfuko ule haukutosha kukatwa duara. Kina mama wakatazamana. Kisha mmoja akauchukua, akaushona mzima juu ya mraba wa katikati, upande wa juu akauacha wazi. Kwa hiyo mfarishi wetu una mfuko. Kijana aliingiza vidole vyake ndani kuhakikisha kwamba unafunguka, akarudi kukaa.

Msomaji atakuwa ameshafahamu kwamba yeye ndiye yule mwenye swali.

JIBU LETU

Siku ya kumaliza tulitandika mfarishi sakafuni, tukafungua daftari na kusoma kila duara. Ujiji, Manyema, Rumonge, Gitega, Uvira, Ngozi, Zanzibar, Nyarugusu. Tukamwambia yule kijana: swali lako lina majibu 63, na hayapingani. Mtu anaweza kuwa na bibi wa Ujiji na babu wa Gitega, na akawa wa hapa. Mwenzako wa shule naye akimuuliza nyanya yake vizuri, huenda asikute kitambaa kimoja. Surat Al-Hujuraat, aya ya 13, inatufundisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane, na mbora ni mwenye kumcha Mungu zaidi. Lakini watu watajuanaje ikiwa hawaulizani?

Tumejifunza na sisi walimu. Tumefundisha sira na tarekhe kwa miaka mingi. Tunawafanya watoto wahifadhi majina ya Makhalifa na tarehe za vita, na ni vema. Lakini historia ya Waislamu wa Burundi imeandikwa kidogo sana, na sehemu kubwa iko masandukuni kwa kina mama wazee. Kila mwezi tunazika mmoja wao, na kila mara nguo zake zinagawiwa au zinatupwa bila mtu kuuliza. Wasiddi walipoteza majina ya vijiji vyao kwa sababu walikatwa kwa nguvu. Sisi tukiyapoteza ya kwetu, itakuwa ni kwa uvivu.

Mfarishi tulimpa mama mmoja mjane wa mtaa aliyejifungua. Wengine walitaka utundikwe madrasani, lakini kina mama walikataa, wakasema blanketi ni la kufunika mtoto. Daftari limebaki kwetu, na mwaka huu tunaanza la pili, in shaa Allah.

Tunawaomba wazazi: kabla ya kutoa nguo ya mzee wenu sadaka, kateni kipande kidogo, andikeni jina lake na habari yake. Sadaka itafika, na habari itabaki.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Doti moja ni mikono mingapi? Pima mkono wako, ukokotoe doti ni mita ngapi.
2. Eleza kwa nini Bibi Aisha (R.A.) alikata pazia, na alitengeneza nini.
3. Phula ni nini, na kwa nini kina mama wa Kisiddi hawaiachi?
4. Muulize mkubwa wako mmoja habari ya nguo moja ya zamani iliyomo nyumbani. Andika mistari kumi, ulete madrasa.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu waliotutangulia, awasitiri wajane na mayatima wetu, na aziunganishe nyoyo zetu kwa wema. Amin.